Sekunde Nne za Mado

Anayenunua ukimya hulipa zaidi ya anayenunua wimbo. Kethia alilijua hilo kabla hajamaliza mwezi wake wa kwanza katika ghala la Carrollton, ambako kazi yake ilikuwa kufungua masanduku ya diski, kuzikagua moja moja chini ya taa, na kuwajibu wateja walioandika barua pepe ndefu kuliko mahubiri.

Ukiziona kwa macho, diski zenyewe hutazitofautisha na CD ya kawaida. Lakini hizi zilibeba sauti nyingi zaidi, hadi pumzi ya mpiga tarumbeta na mlio wa kiti alichokalia, na zilitaka mashine yao maalumu. Dunia ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye simu. Waliobaki na diski walikuwa wachache, lakini walizing'ang'ania kama roho zao. Kethia aliwajua kwa rafu zao. Klasiki ilijaza nusu ya ghala, na wanunuzi wake waliuliza habari za ukumbi: ilirekodiwa kanisa gani, dari lilikuwa la mbao au la mawe? Watu wa jazi waliuliza mwaka, na kanda ya asili imehifadhiwa na nani. Watu wa roki walitaka spika tano zilizunguke kochi lao, tena walitaka kujua zimetoka nakala ngapi, ili wafurahie kwamba jirani hana.

Injili haikuwa na rafu.

"Watu wa injili wanasikiza kwa simu wakiosha vyombo," alisema Orpa, Mkenya aliyefunga vifurushi kwenye meza ya pili. "Nani atanunua mashine nzima ndio asikie amina?"

Mwisho kabisa, karibu na choo, palikuwa na rafu moja fupi iliyoandikwa "Dunia". Afrika yote ilikuwa humo, pamoja na India, Bulgaria, na diski tatu za sauti za nyangumi.

"Sasa nyangumi naye ni wa nchi gani?" Kethia aliuliza siku ya kwanza.

"Huyo ni refugee kama wewe, mama," Orpa akamjibu, na wakacheka mpaka msimamizi akachungulia.

Hata hivyo wateja wote, wa klasiki kwa wa roki, walikuwa na lalamiko moja. Dakika ya tatu kuna mtu amekohoa. Mwanzo wa wimbo kuna mvumo. Mwisho kuna mlango umefungwa. Nirudishieni fedha zangu. Kethia aliwajibu kwa adabu aliyofundishwa, na kila alipobonyeza kitufe cha kutuma, moyo wake ulikimbia barabara yote hadi nyumbani Lewisville, ukaingia chumbani kwa baba yake, ukajikunja chini ya kitanda karibu na sanduku la bati.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na kanda. Si kaseti. Ilikuwa kanda ya gurudumu, pana kama sahani, imefungwa katika mifuko mitatu ya plastiki na kitambaa cha madhabahu. Baba yake, Godefroid, aliitoa Uvira akiwa ameifunga kifuani, mwaka ule vita vilipoingia mjini na kila mtu akachagua kitu kimoja cha kukimbia nacho. Wengine walichagua godoro. Godefroid, mwalimu wa kwaya ya Kavimvira, alichagua kanda, na Mado mkewe akambeba mtoto.

Mtoto huyo ndiye Kethia. Mado alifia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla mtoto hajafikisha miaka mitatu, kwa homa iliyoanza Jumatatu na kumaliza kazi yake Alhamisi. Kethia hakuwa na kumbukumbu yake. Hakuwa na picha yake pia, maana picha zilibaki Uvira, na nyumba yenyewe haikubaki.

Alichokuwa nacho ni sekunde nne.

Siku za kambini palikuwepo kaseti iliyonakiliwa kutoka kanda ile, na jirani alikuwa na redio. Nyimbo saba. Katika wimbo wa nne, baada ya ubeti wa pili, kwaya inavuta pumzi na hapo hapo mtoto analia. Mwanamke mmoja, aliyesimama karibu sana na mashine, anasema kwa sauti ya chini, "Kethi, nyamaza. Niko." Halafu ubeti wa tatu unaanza. Kethia alimsikia mara mia, sikio likiwa limegandishwa kwenye redio, mpaka siku alipokuwa na miaka kumi na mmoja na redio ikaitafuna kaseti. Alikaa chini akaivuta ile tepe kwa vidole, mita kwa mita, kama mtu anayechambua utumbo.

Tena hata kabla ya kuharibika, kaseti ile haikumpa vya kutosha. Sauti ilitoka kama mtu aliye chini ya blanketi. Hakuweza kujua kama mama yake alikuwa na sauti nzito au nyembamba, kama alikuwa amechoka, kama alitabasamu. Ndiyo maana, alipokwisha kuona pale Carrollton kinachoweza kufanywa na diski zile, kiu ilimshika. Zilimtoa marehemu mpiga piano na kumweka sebuleni akiguna. Basi na Mado zingemtoa. Kethia alitaka kuisikia ile pumzi kabla ya neno "Niko". Hakutaka kitu kingine duniani.

Kwa baba yake alitaja diski ya kwaya tu; Mado hakumtaja. Katika nyumba yao jina la Mado halikutajwa. Si kwamba lilikatazwa; Godefroid hakuoa tena, wala hakuwahi kumkaripia binti yake kwa kuuliza. Ni kwamba mtoto wa kwao haufungui mlango ambao baba yake ameufunga. Zaidi ya miaka ishirini na mitano wawili hao walikula meza moja, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anajua yaliyo moyoni mwake.

Absalom alikuwa mmoja wa wateja wa ghala. Siku za kazi alikuwa nesi katika hospitali moja ya Houston. Siku za mapumziko alifufua muziki wa zamani wa Afrika Mashariki, benga, rumba, taarabu, na kuutoa kwa diski hizo hizo, nakala mia tatu tatu, kwa watu waliotawanyika kutoka Oslo hadi Osaka. Kethia alipomwandikia kuhusu kanda ya Uvira, simu ililia kabla hajafunga kompyuta.

"Dada yangu, hiyo reel usiiguse," Absalom alisema huku akihema. "Usijaribu kuipiga kwa mashine yoyote. Usiiweke kwa jua. Ileteni kama yai."

Waliipeleka Jumamosi moja ya Februari. Godefroid alivaa suti, akaipakata kanda njia nzima ya barabara kuu ya I-45, mwendo wa saa nne, na kila Kethia alipofunga breki aliinama kuifunika. Everline, mke wa Absalom, aliwapa chai na mandazi. Absalom aliifungua ile mifuko taratibu, akainusa kanda, akatikisa kichwa.

"Gundi imeoza, Mzee. Nitaipasha moto mdogo, siku nzima, ndio ishikane. Halafu itaimba. Lakini mniskize vizuri: itaimba mara moja. Ikipita kwa mashine, hii rangi ya kahawia yote itabanduka ianguke, na sauti inaanguka nayo."

Hapo ndipo Kethia alipopaswa kuzitaja zile sekunde nne. Lakini baba yake alikuwa amekaa mbele yake, kofia gotini, katika nyumba ya watu, na mtu hamfufui mama yake mbele ya wageni huku mandazi yakipoa.

"Sauti itoke vizuri tu, kaka," alisema. "Itoke safi."

Safi. Alilitamka yeye mwenyewe.

Mwezi wa nne Godefroid alipanda basi peke yake kwenda Houston, kumsaidia Absalom kupanga nyimbo na kuandika majina ya waimbaji. Kethia alikuwa kazini. Mzee aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alipiga mluzi akikaanga samaki. Aliimba besi bafuni. Kiwandani Garland, ambako alibandika fremu za madirisha, wenzake walimpigia Kethia simu kuuliza kama babake ameposa. Kethia alicheka nao, akaingia chumbani, akalia kwa furaha, maana alijua sababu. Amemsikia, alijiambia. Papa amemsikia mama.

Diski ilizinduliwa Jumamosi alasiri mwezi wa sita, katika ukumbi mdogo wa hoteli mjini Houston, mbele ya chama cha wapenzi wa sauti. Walikuja watu kama arobaini, wengi wazee wenye mvi na viatu vya starehe, pamoja na Wakenya wa kanisani kwa Absalom. Mbele zilisimama spika mbili ndefu kama milango. Kwanza ilipigwa fidla, wote wakafumba macho. Ikaja jazi, wakatikisa mguu mmoja mmoja. Ikaja roki, mzee mmoja akajipiga gita tumboni. Kisha Absalom akamtambulisha Godefroid, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi mwalimu wa kwaya kutoka Kavimvira.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, Kethia alishika kiti. Haikuwa ile kwaya ya chini ya blanketi. Ilikuwa watu. Alisikia midomo ikifunguka. Alisikia vumbi la sakafu chini ya miguu yao walipohama upande, na mabati ya paa yakipasuka kwa joto. Baba yake alipiga mapigo kwa kidole gotini, na machozi yalimtiririka bila kuyafuta. Wimbo wa pili. Wa tatu.

Wa nne.

Ubeti wa kwanza ulipita. Ubeti wa pili ulipita. Kethia alifumba macho, akaegemea mbele, mwili mzima ukawa sikio. Kwaya ikavuta pumzi.

Ukimya. Ukimya mweusi, laini, usio na chembe, ukimya ambao wateja wake wa Carrollton wangeununua bila kuuliza bei. Na ubeti wa tatu ukaanza.

Alidhani amepitwa. Aliinuka, akatembea mpaka kwenye mashine, akabonyeza kurudi nyuma. Ubeti wa pili, pumzi, ukimya, ubeti wa tatu. Akarudisha tena. Watu walianza kunong'ona. Absalom alimfikia huku akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Dada, kuna shida?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Anayelia. Baada ya ubeti wa pili."

"Ah, huyo!" Uso wa Absalom ulifunguka, alidhani anasifiwa. "Tulimtoa. Huyo mtoto alikuwa ametumaliza kabisa. Nilikaa naye siku tatu. Nilichukua hewa ya hilo kanisa mwanzo wa wimbo nikaijaza pale, kidogo kidogo. Si huwezi jua?"

"Na mwanamke?"

"Kulikuwa na mtu anaongea kidogo, ndio. Naye akaenda na mtoto."

Kethia alishika ukingo wa meza. "Ile nakala ya kwanza, kaka. Kabla hujasafisha. Nipe hiyo."

Absalom alimtazama Godefroid.

"Kaka, nipe ile ya kwanza."

"Mzee aliniambia nifute," alisema Absalom polepole. "Alikaa hapo kando yangu mpaka nikafuta. Alisema hiyo ndiyo desturi yake."

Kethia aliijua desturi hiyo. Nani aliyewahi kuimba chini ya Godefroid asiijue? Kule Kavimvira aliandika nyimbo kwa do-re-mi kwenye karatasi za daftari, na wimbo ukisahihishwa, karatasi yenye kosa ilichomwa mbele ya wote, ili asitokee mwimbaji wa kujifunza kosa. Hata Lewisville aliendelea kuchoma, kwenye sufuria juu ya jiko, mpaka king'ora cha moshi kikawatoa nje majirani.

Kethia alibonyeza kitufe, mashine ikautema ulimi wake, naye akaichukua diski. Kisha aliwageukia watu. Aliongea Kiingereza, asibaki hata mmoja wa kutafsiriwa. Aliwaambia kwamba ukimya walioupenda, ule baada ya ubeti wa pili, ndipo alipokuwa mama yake. Aliwaambia mama yake alisema maneno matatu, na kwamba yalitolewa ili wao wasisumbuke. Sauti yake ilipasuka katikati ya neno la mwisho, akalia wazi wazi, kamasi na yote, mbele ya spika zile ndefu. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika fomu ya kununua aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka. Wakamfuata wengine, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani wasikokuwa na ndugu.

Godefroid alimkuta garini, dirisha limefungwa, joto la maegesho likiwa kama la tanuri. Aliingia, akaketi mbele, akavua kofia.

"Utarudi mule ndani," alisema. "Utamuomba Absalom pardon. Ulimuaibisha mbele ya watu, utamuomba mbele ya watu."

"Papa, ulimsikia?"

"Nilisikia mtoto analia. Miaka makumi mbili na nane nasikia tu mtoto analia! Ule fundi wa misheni alikuwa na kanda moja. Moja, Kethia. Tuliimba mara moja, watu makumi mbili na wane. Unajua wangapi bado wazima? Sita. Nilisema mbele ya kufa, wimbo wao utoke bila doa. Weye uliona ni vibaya?"

"Na mama?"

Neno hilo halikuwa limewahi kuketi kati yao. Godefroid aligeuza uso kuelekea dirishani. Nje, mhudumu wa hoteli alikuwa akisukuma kigari cha masanduku.

"Mado yuko mule," alisema mwishowe. "Mado alikuwa alto. Sikiliza alto, utamupata."

"Alto walikuwa wanane, papa."

"Wanane, ndiyo."

"Yeye ni yupi?"

Kidole cha Godefroid kilianza kupiga mapigo gotini, taratibu, kana kwamba anaupitisha wimbo kichwani, na Kethia alimwona akitafuta: ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, kiitikio. Aliona kidole kikisimama. Baba yake hakujua yupi ni Mado. Aliwafundisha vizuri mno. Kwa mwaka mzima, kila Jumatano na kila Jumamosi, aliwakaripia wanawake wale mpaka wanane wakawa koo moja, maana kwake sauti iliyojitokeza ilikuwa kiburi mbele za Mungu. Alimfunika mkewe katikati ya wengine saba, na kazi ile ilikamilika hata mashine za Houston hazikuweza kuifumua. Mara moja tu katika kanda nzima Mado alijitokeza, na ilikuwa kwa ajili ya mtoto.

"Sikufikiri, mama," Godefroid alimwambia binti yake, na sauti yake ya besi ilikuwa imeisha. "Nilisikia kosa. Sikusikia mtu."

Absalom alikuja akipita kati ya magari, tai imelegea. Kethia alishusha kioo. Mwanamume yule alisimama akiwa ameinama, mikono magotini, kama anavyoinama kitandani kwa mgonjwa.

"Dada, ungeniambia neno moja," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Neno moja tu, siku ile ya chai. Ningemwachia Mzee diski yake safi, na yako ningeificha kwa drawer."

"Najua."

"Watu kumi bado wako ndani. Everline amewapatia soda. Tuingie, tusameheane, wasikie, tuwapigie zile nyimbo zingine. Hao waimbaji pia ni watu, si ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Anza weye," Godefroid alimwambia binti yake kwa upole. "Weye ndio mdogo. Sema pardon, naye atasema, na mimi nitasema nyuma yenu. Ndio vile tunafanyaka kwetu."

Kethia aliitazama diski iliyokuwa mapajani pake. Upande wake wa chini ulimrudishia uso wake, macho yamevimba, na hapakuwa na mwingine ndani yake. Aliwasha gari. Kiyoyozi kilivuma, cha moto kwanza, halafu cha baridi.

"Kunyamaza kwangu nitakubeba mwenyewe, kaka Absalom, sikutwishi wewe wala papa," alisema. "Lakini kusimamisha wimbo ule, na kuwaambia wale watu walikuwa wanasikiliza nini, hapana."

"Kethia," baba yake alisema.

"Hapana, papa. Siombi msamaha."